Gego la Miaka Sita: Likitoka Halirudi



Mara nyingi hapa hospitalini huja mzazi na mtoto wa miaka 8 au 9 aliyevimba shavu. Tukiuliza maumivu yalianza lini, tunajibiwa: "Siku nyingi, Sista, lakini tulidhani ni jino la utoto, litang'oka lenyewe." Tukitazama, tunakuta ni gego la ukubwani, limeoza vibaya. Hilo likitoka, hakuna jingine litakaloota mahali pake.

Kulitambua

Magego ya kwanza ya ukubwani huota mtoto afikapo miaka 6 hivi. Huota nyuma ya meno yote ya utoto bila jino lolote kung'oka kwanza, ndiyo maana wazazi wengi hawana habari nayo. Yako manne, mawili juu na mawili chini. Anza kuhesabu katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma, na mapengo uyahesabu pia. La 6 ndilo hilo.

Gego hili lina mifereji midogo juu yake ambamo chakula hunasa. Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, nayo hulitoboa jino polepole.

Matibabu

Tundu likiwa dogo, mtoto hushtuka kidogo tu anywapo maji baridi au alapo kitu kitamu. Hapo jino huzibwa, na kazi imekwisha. Iko njia ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono, bila mashine wala umeme, kisha kuliziba. Njia hiyo ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na sasa hutumika katika nchi nyingi.

Jino likiuma lenyewe, hasa usiku, yaelekea uozo umefika kwenye kiini chenye mishipa. Hata hapo laweza kuokolewa. Daktari wa meno huondoa sehemu ya kiini iliyoharibika, au husafisha mizizi yote na kuijaza, kisha hulifunika jino vizuri.

Pengine jino limebomoka kiasi kwamba kulitengeneza hakufai. Hapo hung'olewa kwa sindano ya ganzi. Daktari hutazama pia umri, kwa sababu likitolewa kati ya miaka 8 na 10, gego la pili, ambalo huota karibu na miaka 12, laweza kusogea mbele na kupunguza pengo.

Tahadhari

Maumivu yakikoma ghafla, msifurahi upesi. Huenda kiini kimekufa, na usaha unajikusanya chini kimyakimya. Dawa za kuua vijidudu peke yake haziponyi jino. Uvimbe hupungua, kisha hurudi. Msiweke aspirini wala maji ya betri kwenye tundu, kwani huunguza fizi.

Mtoto akivimba uso kuelekea jichoni au chini ya taya, akiwa na homa, akishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Usaha wa jino waweza kuua.

Kinga

Mtoto apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na mara moja iwe kabla ya kulala. Hadi afikishe miaka 7 au 8, mzazi amsaidie, na aufikishe mswaki hadi nyuma kabisa. Pipi, biskuti na soda visiwe vya kila siku. Akishapiga mswaki usiku, asile tena.

Basi, leo jioni mwiteni mtoto karibu na taa, afungue kinywa, mhesabu hadi la 6. Mkiona doa jeusi au tundu, msingoje liume. Mleteni likiwa bado la kuzibwa.