NILIPANDISHA BAHARI NEWALA, BIBI AKANIFUNDISHA CHUMVI

Konda wa basi la Mtwara kwenda Newala alifungua dumu langu la kwanza, akachovya kidole, akaonja. Akatema palepale.

"Mshikaji, watu wa Newala wanalia maji, wewe unawapelekea ya chumvi?"

Basi zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka ili nisionekane mshamba, lakini moyoni nilijua jamaa kasema kweli. Nilikuwa na madumu matatu ya lita 20, yote maji ya bahari, nayapandisha mlimani ambako dumu la maji ya kunywa likikosekana nyumba nzima inanuna.

Haya, msomaji wangu, kaa vizuri nikupe mkanda mzima.

CHANZO CHA KASHESHE

Yote yalianzia mapokezi ya hoteli moja mjini Mtwara nilikokwenda kufuata stori. Pale palikuwa na tangi la samaki. Ndani yake: ngome ya plastiki, meli ya plastiki, mawe ya rangi kama peremende, na samaki zaidi ya kumi wanahema juu juu kwenye maji ya ukungu. Yaani samaki wamepangishwa stoo!

Nikajiapiza. Nitatengeneza langu, na halitakuwa na makorokoro: jiwe moja, mchanga mweupe, samaki wawili, basi. Kipande cha mwamba wa bahari kama unavyokiona maji yakipwa, ila kipo juu ya meza.

Usidhani ni mambo ya matajiri tu. Mwaka 1961 jamaa mmoja wa Jakarta, Indonesia, anaitwa Lee Chin Eng, aliandika jinsi anavyofuga viumbe wa baharini kwa maji ya bahari, mawe yenye uhai na mapovu ya hewa tu. Hakuwa na mitambo ya kutisha. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walikuja kuona kumbe jiwe ndiyo mtambo wenyewe.

TANGI LENYEWE

Fundi vioo alinikatia na kunigundishia kwa silikoni: urefu sentimita 50, upana 30, kimo 30. Ukijaza hadi sentimita 27 unapata lita 40. Hapo ni zaidi ya kilo 40 za maji, kwa hiyo usiweke kwenye kimeza cha redio, litakuangukia miguuni.

Jiwe nililipata Mikindani. Nyumba za kale za pale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na pembeni ya ukuta ulioanguka pana kifusi. Niliomba, nikachagua moja lisilo na chokaa wala rangi, lina matundu kama mkate. Nikaliosha, nikaliloweka wiki nzima huku nikibadilisha maji.

Vingine ni pampu ndogo ya hewa, taa ya LED, na hita. Ndiyo, hita! Usiku wa Juni na Julai huku juu si mchezo, watu tunalala na blanketi, wakati samaki wa bahari yetu anataka nyuzi joto 25 hadi 27.

Sasa hapa ndipo vijana wengi wanapochemsha. Tangi likijaa tu, wanataka samaki leo leo. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo ina unafuu. Bakteria hao huishi kwenye matundu ya jiwe na mchangani, na huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Mimi nilitupia dagaa mmoja aoze ili wapate kazi, nikakaa wiki sita natazama jiwe. Masela wa kijiweni wakanipa jina: Mzee wa Jiwe.

Wiki ya saba wakaingia samaki wawili wadogo wa kwenye vidimbwi vya maji kupwa, nilipewa na mvuvi mmoja Mikindani, pamoja na konokono watano wa kulamba uchafu wa kioo. Jioni ile taa ilipowaka, sebule nzima ilinyamaza.

NIKAUA

Uwanda wetu wa Makonde unapanda hadi karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, na udongo wake ni wa mchanga. Mvua inanyesha, maji yanazama chini kabisa, yanakwenda kutokea mabondeni. Kabla ya mabomba, akina mama walishuka mteremko alfajiri na mitungi, wakarudi jua likiwa utosini. Bibi yangu ni mmoja wao. Hata haya ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na pampu ikigoma, mji unakauka.

Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika hadithi aliyosimuliwa huku. Mtu wa kwanza alichonga mti ukawa mwanamke. Walipokaa kando ya mto Ruvuma, mtoto akazaliwa mfu. Bonde la Mbwemkuru, hivyo hivyo. Waliporudi juu Mahuta ndipo wa tatu akaishi. Ndiyo maana wazee wakausia: jengeni juu, mbali na mabonde. Sisi ni watu tuliochagua uhai tukaacha maji, na bei ya uamuzi ule wanawake wameilipa kwa vichwa vyao.

Sasa tangi la wazi hupungua kila siku. Langu lilikuwa linapoteza kama nusu lita. Mimi kumwomba bibi maji ya kunywa ya kumwagia samaki? Nilione soo. Nikawa naongezea maji ya bahari kutoka kwenye dumu la akiba. Nilijiona mjanja kweli: maji ya nyumba siyagusi, tangi limejaa.

Baada ya siku 20 konokono wakaanza kudondoka kutoka kwenye kioo. Ukingoni pakawa na unga mweupe. Samaki mmoja akawa anahema mbio mbio, na asubuhi nikamkuta ubavu juu.

Nikasema ni ugonjwa. Nikasema ni hita. Bibi akaja na mkongojo wake, akauliza, "Mume wangu, unaongeza nini humu?"

"Ya bahari, bibi."

Akanitazama kama ametazama mtoto anayekula udongo. "Mchuzi ukikauka jikoni, unaongeza chumvi au unaongeza maji?"

Msomaji, nilitamani ardhi ipasuke.

HESABU YA BIBI

Maji ndiyo yanayopaa, chumvi inabaki. Lita moja ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, kwa hiyo lita 40 zina gramu 1,400. Mimi kwa siku 20 nilikuwa nimeongeza lita kumi za bahari, yaani gramu 350 juu yake. Jumla 1,750. Gawa kwa 40, unapata karibu gramu 44 kwa lita. Huo si mwamba tena, ni shamba la chumvi.

Dawa ilikuwa kutoa lita nane za tangi na kuingiza lita nane za maji baridi. Wala si kwa mkupuo, maana kiumbe aliyezoea chumvi kali akipigwa na maji mepesi ghafla naye anakufa. Lita mbili mbili, siku nne. Lakini lita nane ni karibu nusu dumu, na wiki ile bomba lilikuwa halijatoa hata tone.

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Uliwaleta wewe hapa. Hawakuomba kupanda mlima." Akanipimia kwa kikombe chake cha bati, kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti. Samaki mmoja na konokono watatu wakapona. Deni la lita nane nililipa kwa kubeba madumu Jumamosi mbili. Mgongo nilikuwa nao, mdomo sikuwa nao.

UKITAKA NA WEWE

Bandika utepe kwenye kioo kuonyesha maji yanapotakiwa kuishia. Yakishuka, ongeza maji baridi kila siku. Ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni mazuri sana. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi kutwa nzima klorini ipungue. Maji ya bahari ni ya kubadilishia tu: kila wiki mimi natoa lita tano, naingiza lita tano mpya. Nunua kile kipimo cha chumvi cha kuelea, haidromita. Kikisoma 1.025 hivi, umepatia. Chakula ni chembe mbili tatu, samaki wa tangi hafi njaa, anakufa kwa kushibishwa. Maji unayotoa usimwagie mchicha, utauchoma.

Na matumbawe je? Najua utauliza. Hapana, usiyavunje. Tumbawe ni mnyama, ndani yake kuna mwani mdogo mno unaomlisha kwa mwanga, na mengine hukua sentimita moja tu kwa mwaka. Baruti za wavuvi haramu zimeyasambaratisha miaka mingi, na joto la bahari la mwaka 1998 likayapausha pwani nzima ya Afrika Mashariki. Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na matumbawe mawe yamo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, huyasafirishi nje ya nchi bila kibali. Jiwe langu la Mikindani lilikufa zamani sana. Sasa limeota utando wa kijani, na kuna minyoo midogo inayochungulia usiku. Kwangu huo ni mwamba tosha.

Mwenzake yule samaki sijamleta. Kwanza nimalize mwaka bila kuua.

Bibi hajawahi kuiona bahari kwa macho yake. Siku hizi baada ya sala ya jioni anavuta kigoda, anatazama utepe, anaita, "Mume wangu, imepungua kidole!" Na kile kikombe cha bati kimehamia kando ya tangi. Tuna makubaliano: bomba likitoa, kinajazwa kutoka dumu la nyumba. Bomba likikauka, kinatoka kwenye maji yangu ya kuoga.

Kwa hiyo ukinipita mjini Newala wakati wa kiangazi ukahisi nanuka kidogo, usinune. Ujue samaki wangu yuko poa. Tukutane wiki ijayo!