Atlabara: mtaa wenye jina la amri

Mswahili anayefika Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, mara ya kwanza na kusikia jina Atlabara, sikio lake hudaka nusu ya pili tu: bara. Kumbe jina lote ni sentensi ya Kiarabu cha Juba, tena ya ukali. Atla bara! Toka nje! Amri imegeuka jina la mtaa, ikapachikwa herufi A, B na C, ikapata hata timu ya mpira, Atlabara FC, na leo mwenyeji huitamka bila kukunja uso.

Kitenzi atla kina ukoo mkubwa kuliko mtaa wake. Kinatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupanda, kuchomoza, kutokea. Jua likichomoza, Mwarabu hutumia kitenzi hichohicho. Mzizi huo tunao pwani siku nyingi. Matlai, upepo wa mashariki, umetoka humo, maana asili yake ni mahali jua linapochomozea. Kutalii pia, kulikoanza na maana ya kutazama jambo kwa makini, ndiko kulikotuzalia mtalii. Kwa hiyo mtalii wa Zanzibar na mtu anayefukuzwa ndani kwa atla bara wana babu mmoja. Hiyo bara nayo, yaani nje, imetokana na neno la Kiarabu la nchi kavu, lilelile lililotupa Tanzania Bara. Sikio la mgeni wetu halikukosea sana.

Linalonivutia zaidi ni umbo la amri lenyewe. Kwa Kiarabu, nam ni amelala, na num ni lala! Kiarabu cha Juba kimeshika lile la pili na kulifanyia kazi zote. Ana num, nimelala. Ana gi num, ninalala. Ana bi num, nitalala. Gi na bi zimekaa palepale ambapo sisi tunaweka -na- na -ta-. Vivyo hivyo jibu, ambalo Juba si majibu hata kidogo, bali ni kuleta. Ukisikia mtu akisema "jibu moyo", usiingiwe na huruma ya mapenzi: anataka aletewe maji.

Kwa nini amri? Kwa sababu ya kambi. Baada ya majeshi ya Misri kuiteka Sudan kuanzia 1820, na Mwingereza Samuel Baker kuitangaza Gondokoro, karibu na Juba ya leo, kuwa ya Misri mwaka 1871, vijana wa makabila mengi ya kusini walijikuta jeshini. Lugha waliyosikia kutwa ilikuwa ya kuagizwa: inuka, leta, shika, toka. Anayejifunza lugha kwa kuamrishwa hubaki na vitenzi vya kuamrishwa. Walowezi wa Kenya walikitenda Kiswahili karibu hivyohivyo, ila wao ndio waliokuwa wakiamuru, na Kisetla chao hakikurithiwa na mtu.

Cha kambini kilirithiwa. Maasi ya Mahdi huko Sudan yalipowatenga na Khartoum askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri katika eneo hilo la kusini, baadhi yao walibaki karibu na Ziwa Albert chini ya afisa wao Selim Bey, na mwaka 1891 Mwingereza Lugard akawachukua kwenda Uganda. Wazao wao ni Wanubi wa Bombo, Uganda, na wa Kibera, Nairobi, mtaa ambao nao jina lake ni la lugha yao, Kinubi: kibra, msitu. Mwanaisimu Bernd Heine aliandika kitabu kizima juu ya Kinubi cha Kibera mwaka 1982. Mnubi wa Kibera na muuza nyanya wa soko la Konyo Konyo wanaweza kuzungumza, ingawa wa Kibera atachomeka Kiswahili kila baada ya hatua.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na safari za Juba zimeongezeka. Ukifika, mwambie wa bodaboda: "Ana deru rowa Atlabara," nataka kwenda Atlabara. Hatadhani unamfukuza mtu. Ila patana naye bei kabla hujapanda.