Njia za mkato za kibodi kwenye GNOME

Kwenye kompyuta ya Linux inayotumia GNOME, njia za mkato za kibodi hupangwa katika Mipangilio, sehemu ya Kibodi. Zilizopo zimepangwa kwa makundi: madirisha, sauti, picha za skrini na kadhalika. Kubadilisha mojawapo ni kuibofya, kisha kubonyeza vitufe vipya kwa pamoja. Esc hughairi, Backspace huifuta. Vitufe vikiwa tayari na kazi nyingine, mfumo hutoa onyo kabla ya kuvihamisha.

Utamu hasa uko kwenye njia za mkato za mtumiaji mwenyewe. Hizo huhitaji mambo matatu: jina, amri na vitufe. Aliyezoea Windows, kwa mfano, anaweza kuandika jina “Mafaili”, amri nautilus --new-window, kisha akabonyeza Super na E. Super ndicho kile kitufe chenye nembo ya Windows. Amri ya njia ya mkato haipitii kwenye sheli (shell), kwa hiyo alama kama | na > hazifanyi kazi mpaka amri nzima itanguliwe na sh -c na kufungwa ndani ya alama za kunukuu. Wengi hukwama hapo bure.

Mabadiliko yote huhifadhiwa katika hifadhidata ya mipangilio iitwayo dconf, si kwenye faili la kawaida la maandishi.