Usilaze Programu, Hesabu Baiti
“Mbona jibu la seva linafika nusu?” Karibu kila anayeandika programu yake ya kwanza ya kuita fanksheni iliyo kwenye kompyuta nyingine kupitia soketi huuliza hivyo, na dawa anayopewa ni ileile: weka sleep ya nusu sekunde kabla ya recv, au ongeza bafa kutoka 1,024 hadi 65,536. Huo ni uganga wa kubahatisha, na swali lenyewe limekosewa, maana TCP haijui kitu kinachoitwa jibu. Inachojua ni mfululizo wa baiti na mpangilio wake. Ujumbe mmoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi, hilo si shauri lake. Seva ikituma baiti 10,000 kwa send moja kwenye Ethernet ya kawaida, zitasafiri katika vipande visivyopungua saba, kwa kuwa kipande kimoja hubeba 1,460 hivi. Recv inakupa zilizokwisha kufika: 1,460, au 2,920, au zote. Nambari unayoipa ni kikomo, si oda. Ukipandisha kikomo unajiletea balaa jingine: majibu mawili mafupi yanaweza kutoka pamoja, na kisomaji chako cha JSON kikagoma.

Watabisha: “Kwangu inafanya kazi.” Bila shaka, maana unajaribu kwenye 127.0.0.1, ambako Linux huruhusu pakiti ya hadi baiti 65,536. Ihamishie kwenye mtandao wa simu, pakiti moja ipotee na kutumwa upya, nusu sekunde yako imekwisha na jibu bado. Na hata mtandao ukiwa mzuri, miito 100 inakugharimu sekunde 50 za kukodolea macho skrini bure.

Tiba ni ya zamani. Sun RPC, mfumo wa zamani wa kuita fanksheni za mbali, ikipita juu ya TCP hutanguliza baiti 4 mbele ya kila kipande: biti moja inasema kama ni cha mwisho, 31 zinataja urefu. Wewe chukua urefu tu. Soma baiti 4 kamili, ukipata 00 00 27 10 ujue ni 10,000, kisha rudia recv hadi zitimie. Ukizisoma baiti hizo 4 kinyumenyume utasubiri baiti 270,991,360 ambazo hakuna aliyezituma. Mengine ni ya haraka: recv ikirudisha sifuri, upande wa pili umefunga, basi toka; kwenye Python tumia sendall, kwani send inaweza kutuma pungufu; kataa urefu wa kupindukia; na ukipenda, badala ya kutanguliza urefu, tumia JSON moja kwa kila mstari na usome hadi mstari uishe. Kila ombi lipe id, la sivyo jibu lililochelewa litasomwa kama la ombi linalofuata. Weka muda wa kusubiri, na ukiisha usirudie kiholela mwito wa kuhamisha pesa: huenda seva imeshazihamisha, na kilichopotea ni jibu tu.