Kumtembelea Mtoto Ng'ambo: Je, Nirudi au Nibaki?

Simu ilipigwa jioni. Binti wa pili wa mama mmoja wa Kilimanjaro, aliyeolewa na anayeishi Perth nchini Australia, alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza. "Mama, nani atanipikia mtori?" aliuliza. Mama alicheka, lakini usiku ule hakulala.

Mumewe, mwalimu mstaafu, ndiye aliyelimaliza jambo asubuhi. "Nenda, Mama. Mtoto hawezi kujifungua kama yatima na wewe upo."

Mama huyu, ambaye hatutamtaja jina, ana watoto wanne. Wawili wako Perth, mmoja yuko Dar es Salaam na mmoja yuko hapo nyumbani. Mwaka mmoja kabla ya simu ile, wale wa Perth walikuwa wamempelekea maombi ya ukaazi wa kudumu kama mzazi. Kwa hiyo habari zilipoenea kijijini kwamba amepata viza, watu hawakusema anakwenda kutembea. Walisema anahamia Australia. Na mama mwenyewe aliamini nusu yake. Ng'ombe wake wa maziwa alimpa shemeji. Daftari la fedha la kikundi cha kina mama kanisani, alilolishika miaka tisa, alimkabidhi mwenzake. Hata masufuria makubwa aliyagawa.

Alikaa Perth miezi kumi na mmoja, kisha akarudi. Alikuta mume amekonda, zizi ni tupu na kikundi kimemzoea mweka hazina mwingine. Ukaazi bado haujatoka, wala hautatoka karibuni. "Kosa langu halikuwa kwenda," anasema leo. "Kosa langu ni kwamba niliaga kama mtu anayehama, kumbe nilikuwa mgeni."

Kina mama wengi wenye watoto ng'ambo wako katika hali hiyo leo. Maombi yamepelekwa, foleni haisogei, na wajukuu wanazaliwa. Tuiangalie Australia kwa karibu, kwa sababu huko ndiko kusubiri kulikozidi.

Foleni ndefu kuliko maisha

Australia ina njia mbili kubwa za ukaazi wa wazazi. Ya kwanza ni ya kawaida, yenye ada ndogo kidogo. Ya pili ni ya kuchangia, ambayo hudai zaidi ya dola 40,000 za Australia kwa kila mzazi. Serikali ya huko yenyewe inakadiria kwamba anayeomba sasa kwa njia ya kawaida atasubiri zaidi ya miaka 30, na anayechangia atasubiri zaidi ya miaka 10. Hesabu mwenyewe, mama. Ukiomba ukiwa na miaka 60, zamu yako itafika umepita 90.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Nafasi za wazazi kwa mwaka zimewekewa kikomo, na wanaoomba ni wengi mno kuliko nafasi hizo. Mwaka 2023 jopo lililopitia utaratibu wa uhamiaji wa nchi hiyo lilikiri kwamba ni ukatili kumpa mtu nafasi ya kuomba kitu ambacho huenda kisimfikie kamwe.

Kuna sharti jingine linalowagusa sana wazazi wa kwetu. Ili maombi yakubalike, angalau nusu ya watoto wako wawe wanaishi Australia kwa kudumu, au walio huko wawe wengi kuliko walio katika nchi nyingine yoyote moja. Mama wetu ana wawili kati ya wanne, hivyo alipita. Lakini mama mwenye watoto saba, wawili wakiwa Australia na watano Tanzania, hapiti, hata kama hao wawili ndio wanaomtunza. Watoto wa kambo nao huhesabiwa. Ni vizuri kulijua hili kabla ya kulipa ada yoyote.

Tena jihadhari na mtu anayekuambia atakuvusha foleni kwa malipo. Hakuna mwenye uwezo huo. Mawakala wa uhamiaji wa Australia husajiliwa na serikali, na majina yao yako katika orodha iliyo wazi kwa kila mtu. Mwambie mwanao aliye huko alitafute jina la wakala katika orodha hiyo kabla hujatoa hata shilingi.

Viza ya mgeni ni ya mgeni

Wakati wa kusubiri, mzazi anaweza kuomba viza ya mgeni. Kwa mzazi ambaye maombi yake ya ukaazi yameshaingia kwenye foleni, viza hiyo inaweza kutolewa kwa muda wa hadi miaka 5, akiruhusiwa kukaa hadi miezi 12 kila anapoingia. Lakini huambatana na masharti. Kwa kawaida hutakiwi kukaa zaidi ya miezi 12 katika kila miezi 18. Huruhusiwi kufanya kazi. Kumbeba mjukuu wako ni sawa, lakini kulipwa kwa kulea watoto wa jirani ni kazi. Na ukiona imeandikwa kwamba hutaruhusiwa kukaa zaidi, ujue kwamba ukiwa kule huwezi kuomba karibu viza nyingine yoyote. Msomeshe mwanao barua ya viza mstari kwa mstari, naye akueleze kwa lugha unayoielewa.

Usifiche kwamba umeomba ukaazi. Si kosa kuwa kwenye foleni na wakati huohuo kuomba kutembea. Kosa ni kudanganya, na karatasi za uongo zinaweza kukufungia mlango kwa miaka 3.

Nchi nyingine zina taratibu zao. Kanada ina viza maalumu ya wazazi na mababu, na tangu Julai 2022 mzazi anaweza kukaa hadi miaka 5 kila anapoingia, ilimradi awe na bima ya afya na mwanawe awe na kipato cha kutosha. Uingereza humpa mgeni hadi miezi 6 kwa kawaida, na tangu 2012 ukaazi wa mzazi mzee umekuwa mgumu mno kuupata.

Afya na mizigo

Mgeni kutoka nchi zetu hatibiwi kwa mfuko wa afya wa serikali ya Australia. Kulazwa siku chache tu kunaweza kumwingiza mwanao katika deni kubwa. Kata bima kabla ya kuondoka, na usifiche presha wala kisukari, maana bima iliyopatikana kwa kuficha ugonjwa haitakusaidia siku ya haja. Ukiwa na miaka 75 au zaidi, utatakiwa kupimwa afya kabla ya kupewa viza. Dawa zako zibebe za kutosha, zisizidi za miezi 3, zikiwa katika pakiti zake pamoja na barua ya daktari.

Na ule mzigo wa nyumbani, mama! Australia ni nchi kali sana kwa vyakula na mimea. Matunda, nyama, maharage, mbegu, asali, hata mwiko na kinu cha mti, vyote vitaje kwenye fomu ya abiria. Ukitaja, wakivikataa watavichukua tu nawe utapita salama. Usipotaja, unaweza kutozwa faini, na hata viza yako kufutwa. Mama wetu alitaja kila kitu. Mbegu za mnafu zilichukuliwa, lakini aliingia bila aibu.

Katika nyumba ya mwanao

Mtori ulipikwa. Ndizi mbichi zilipatikana katika duka la Waasia, na mtoto alizaliwa salama. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya furaha. Baadaye yalianza mambo ambayo mama hakuyategemea.

Mkwewe aliondoka asubuhi na mapema akarudi jioni. Majirani hawakubisha hodi. Uzio ni mrefu, na hata mbwa wamefungiwa ndani. Mama aliyezoea kusalimiwa na watu ishirini kabla ya kufika kanisani alimaliza siku nzima akizungumza na mtoto mchanga. Jumapili peke yake ndiyo iliyomponya, walipokutana na wenzao wa Afrika Mashariki kusali kwa Kiswahili. Mama anayekwenda ng'ambo na aulizie mambo hayo mapema. Kanisa liko wapi? Nitafikaje bila gari? Je, kuna basi ninaloweza kulipanda peke yangu?

Halafu kuna mkwe. Nyumba ile ni yake na mkewe. Mama alipoanza kupanga kabati za jikoni na kusema mtoto anavishwa vibaya, mkwe alinyamaza kwa adabu, lakini binti alilia chumbani. Dada mpendwa, heshima unayopewa na mkweo haikufanyi kuwa mwenye nyumba. Shauri mara moja, kisha nyamaza.

Katika nyumba uliyoiacha

Mume naye alikuwa anakula kwa majirani. Hakulalamika. Wanaume wa umri wake hawajazoea kusema kwamba wana upweke. Perth iko mbele ya Tanzania kwa saa 5. Mama alipopata nafasi usiku wa manane wa kule, mume alikuwa mezani na wageni. Mume alipotaka kuzungumza kabla ya kulala, mama alikuwa ameshalala zamani. Wiki ya saba ndipo walipopata ufumbuzi: saa 9 alasiri ya nyumbani, ambayo ni saa 2 usiku ya Perth, kila siku, hata kama ni kwa dakika tano tu. Walisoma neno na kuomba pamoja. Mama anasema saa ile ndiyo iliyoilinda ndoa yao.

Tusidanganyane. Kumsaidia mtoto ni wajibu mwema, lakini mume uliyeishi naye miaka arobaini si mzigo wa kumwachia jirani. Kama anaweza kusafiri, nendeni wote. Kama hawezi, muda wa safari uamuliwe na ninyi wawili, si na watoto.

Siku aliyoombwa abaki

Ilipobaki mwezi mmoja, binti alikuwa ameshaanza kazi. Malezi ya watoto wachanga huko ni ghali. Jioni moja alisema kwa sauti ndogo, "Mama, kaa tu. Wapo wengine wanakaa, hakuna anayewafuata."

Mama hakujibu usiku ule. Alikuwa anampenda mtoto yule, na alijua binti yake amechoka. Lakini alijua pia kwamba anayepitisha muda wa viza kwa zaidi ya siku 28 anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3. Tena angeishi kwa kujificha, akiogopa hata kwenda hospitali, huku akimfundisha mjukuu kusali. Asubuhi alisema, "Mwanangu, nikibaki hivi, mtaniona mara moja hii. Nikirudi kwa haki, mtaniona tena." Binti alilia. Wakakaa na mkwe, wakapanga zamu zao za kazi upya, na dada yake akachukua siku mbili za wiki. Haikuwa rahisi, lakini iliwezekana.

Mama aliyekuja na kurudi

Katika Maandiko tunamkumbuka Hana kwa sababu aliomba mtoto akapewa Samweli. Ni mara chache tunakumbuka kilichofuata. Samweli alilelewa Shilo, mbali na nyumbani. Kila mwaka Hana alimshonea kanzu ndogo, akaenda na mumewe kumwona, kisha akarudi Rama. Hakuhamia hekaluni, wala hakuacha kwenda. Na huko Rama alikorudi, Mungu alimpa watoto wengine wa kuwalea.

Hana alijua kipimo cha kanzu ya mwaka ule kwa sababu alimwona mwanawe mwaka uliopita. Na wewe unaweza kuwa bibi wa namna hiyo, anayekuja kwa wakati wake, anayeondoka kwa amani na anayengojewa tena. Ukaazi ukitoka, tutamshukuru Mungu. Usipotoka, usiwe umeyapoteza maisha ya pande zote mbili kwa kuungojea.

Kabla hujapanda ndege, kaeni kama familia mjibu maswali haya:

1. Nakwenda kwa muda gani, na tarehe ya kurudi ni ipi? Je, tiketi ya kurudi imenunuliwa?
2. Nani atamwangalia Baba, na tutazungumza saa ngapi kila siku?
3. Mifugo, shamba na nafasi yangu katika kikundi, nimemwazima mtu au nimegawa?
4. Nikiugua huko nani atalipa, na nikifa mnataka iweje?
5. Watoto waliobaki nyumbani wanasemaje? Je, wanajiona wameachwa?

Mama wetu anajiandaa kwenda tena mwakani, kwa miezi mitano, na safari hii mumewe atakwenda naye. Ng'ombe amemnunua mwingine. Atamwachia shemeji amtunze, na tayari amemwambia siku atakayokuja kumchukua.