Gari Litetemekapo, Iulizwe Kasi Kwanza

Miongoni mwa mambo yanayowatoa jasho wenye magari humu nchini, hasa sisi walimu tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo kwa mikopo ya vyama vya ushirika, ni ugonjwa mmoja usiokuwa na jina. Gari huondoka nyumbani likiwa shwari. Mjini halina neno. Likifika barabara kuu na kutimiza kilomita 80 kwa saa, usukani huanza kutetemeka mikononi mwa dereva kama mtu aliyeshikwa na homa. Likifika 90, mtikisiko huwa umepamba moto hata vioo vya pembeni havionyeshi kitu. Ajabu ni kwamba kasi ikipita 100, gari hutulia tena kana kwamba halikuwa na lolote.

Hapo ndipo fundi huitwa, na hapo ndipo fedha huanza kupotea. Mwalimu mmoja tuliyefundisha naye alilipeleka gari lake katika gereji fulani, akaambiwa kwamba shokomzoba zimechoka. Zikabadilishwa, na mtetemo ukabaki. Wiki mbili baadaye lawama ikahamia kwenye raba zinazoshikilia injini. Nazo zikabadilishwa, na mtetemo ukabaki. Mara ya tatu ikawa ni vifundo vya usukani. Kufikia hapo alikuwa ametumia zaidi ya mshahara wa mwezi mzima, na katika safari zote tatu hakuna aliyemwuliza swali hili jepesi: "Mwalimu, gari hili hutetemeka likiwa na kasi gani?"

Hoja yangu ni kwamba swali hilo lina thamani kuliko spana yoyote iliyomo gerejini, na kwamba mwanafunzi yeyote wa fizikia wa shule ya upili anayo elimu ya kutosha kulitumia. Kasi ile ambayo gari hutetemekea ni ushahidi. Asiyeusikiliza ushahidi huo hana budi kubahatisha, na anayebahatisha kwa vipuri hubahatisha kwa fedha za mwingine.

Tuanze na hesabu. Tairi la gari dogo la kawaida, likizunguka mara moja, husafiri karibu mita mbili. Kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde. Kwa hiyo gurudumu huzunguka kama mara 12 na nusu katika kila sekunde. Sasa, gurudumu halikufungwa kwenye gari kwa msumari. Limening'inia kati ya springi iliyo juu yake na mpira wenye upepo ulio chini yake. Kitu chochote kilichoshikiliwa hivyo kina mwendo wake wa kurukaruka kilichozaliwa nao, na kwa magari mengi madogo mwendo huo ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mwenye macho amekwisha kuona jambo: namba hizi mbili zimekutana.

Zikikutana ndipo hutokea kile ambacho vitabu vyetu vya fizikia hukiita resonansi. Mtoto aliye kwenye bembea husukumwa kidogo tu, lakini akisukumwa kwa wakati wake hupaa. Ukimsukuma haraka mno kupita mwendo wa bembea, unajichosha bure, naye haendi mbali. Ndiyo sababu gari hutulia kasi ikizidi. Kasoro haijapona; ni gurudumu ambalo haliwezi tena kuufuata msukumo.

Na msukumo wenyewe hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye kitu kidogo cha kuchekesha. Chukua kipande cha risasi cha gramu 30, kile ambacho mafundi hukibana ukingoni mwa rimu ili kusawazisha uzito. Kikidondoka kwenye shimo la barabarani, upande mmoja wa gurudumu huwa mzito kuliko mwingine kwa kiasi hicho. Kwa kilomita 100 kwa saa, gramu hizo 30 zilizo sentimita 19 kutoka katikati huvuta kwa nguvu ya newtoni 44 hivi, yaani sawa na uzito wa kilo nne na nusu, tena uzito unaoruka kutoka upande hadi upande mara 14 kwa sekunde. Kwa kilomita 50 nguvu hiyo ni robo yake tu, kwa kuwa kasi ikiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nne. Hii ndiyo sababu mjini gari halina neno.

Walimu wa historia nao wana mfano wao. Mnamo tarehe 12 Aprili 1831, askari 74 wa Uingereza walikuwa wakivuka daraja la kuning'inia la Broughton, karibu na Manchester, wakipiga hatua kwa pamoja. Daraja lilianza kuyumba kwa mpigo wa miguu yao, nao, kwa kuona raha, wakazidi kuukaza. Daraja likakatika, na askari wapatao 20 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba bolti moja ilikuwa na kasoro tangu awali. Baada ya hapo jeshi hilo likaagiza kwamba askari wavukapo daraja waache kulinganisha hatua. Naipenda habari hii kwa sababu ya ile bolti: mtetemo hautengenezi udhaifu kila mara, bali huutafuta ulipo.

Turudi garini. Baada ya kasi, swali la pili ni mahali mtetemo unapohisika. Ukiwa mikononi, kwenye usukani, shuku magurudumu ya mbele. Ukiwa chini ya makalio, kwenye kiti na sakafu, shuku ya nyuma, au ule mtaimbo mrefu uzungukao chini ya magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mtaimbo huo huzunguka mara tatu au nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka zaidi, karibu na mvumo. Ukija pale tu unapokanyaga breki, usiguse magurudumu. Diski za breki zimekosa unene sawa. Na ukija unapokanyaga mafuta, kisha ukaondoka uinuapo mguu, angalia viungo vya ekseli.

Swali la tatu ndilo linalonifurahisha zaidi, kwa maana halihitaji chombo chochote. Kasi ikiwa ile ile, badilisha gia. Magurudumu bado yanazunguka vile vile, lakini injini sasa inazunguka kwa mwendo mwingine. Mtetemo ukibaki palepale, injini haina hatia. Ukiondoka, magurudumu hayana hatia. Yule mwalimu mwenzangu angefanya hivyo siku ya kwanza, asingenunua raba za injini.

Ugonjwa wa gari lake, kama mtataka kujua, ulikuwa matope. Shule yetu ilikuwa juu ya barabara ya udongo mweusi wa mfinyanzi, na mvua za masika zilikuwa zimeujaza udongo huo upande wa ndani wa rimu mbili za mbele, ukakauka kama tofali. Kijana wa kuosha magari aliubandua kwa bisibisi. Hakutoza hata senti ya ziada.

Kama si matope, basi jaribio lifuatalo ni la kuhamisha. Magurudumu ya mbele yapelekwe nyuma na ya nyuma yaje mbele, mradi matairi yote ni ya kipimo kimoja, kisha gari lirudishwe barabara ile ile kwa kasi ile ile. Mtetemo ukihama kutoka usukani hadi kiti, mhalifu ni gurudumu. Usipohama, tafuta kwenye vile vilivyobaki mbele: beringi, vifundo, kitovu cha gurudumu. Badilisha jambo moja, acha mengine yalivyo, andika ulichoona. Je, hii si ndiyo kanuni tunayoisomesha kila siku maabarani, halafu tukaiacha humo humo mlango ukifungwa? Nimeona mtihani ukiuliza maana ya resonansi, na watahiniwa wakaieleza neno kwa neno, ilhali nje ya dirisha limeegeshwa gari la mwalimu mkuu ambalo kila mtu analalamika kwamba linatikisika na hakuna aliyethubutu kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu mafundi wetu. Wengi wana mikono ya ajabu, na mteja mwenyewe humwambia fundi "gari linasumbua" kisha akatarajia muujiza. Hata mashine ya kusawazisha magurudumu si mwaguzi: rimu iliyopinda au tairi lililopoteza umbo la duara huweza kusomeka sifuri juu yake, kisha likatetemeka barabarani kama kawaida. Rimu za kung'aa zisizoketi barabara kwenye kitovu nazo zina mchezo huo huo.

Iko mitetemo miwili ambayo haingoji jaribio wala daftari. Wa kwanza ni ule usiochagua kasi, unaozidi siku hadi siku, na ukipitisha kiganja juu ya tairi unakuta uvimbe. Nyuzi za ndani zimeachana na mpira, na tairi hilo litapasuka. Wa pili ni unaoanza mara tu baada ya gurudumu kutolewa na kurudishwa: nati zimelegea. Katika hali zote mbili gari lisimamishwe pale pale.

Nayataja haya nikifikiria hasa mabasi ya shule wakati wa tamasha za muziki na za drama. Tairi la basi lina kimo cha karibu mita moja, na wanafunzi wa kidato cha pili waweza kupiga hesabu wenyewe wakiwa safarini: kwa kilomita 80 kwa saa, huzunguka kama mara saba kwa sekunde. Basi lina kasi yake ya kutetemekea, nayo si ya gari dogo. Mwalimu anayesimamia safari, akiisikia sakafu ya nyuma ikicheza, ana haki ya kwenda mbele kumwambia dereva. Huenda akajibiwa kwamba ni barabara mbaya. Basi na amwulize ni barabara gani hiyo inayoharibika kila wanapofika 65 na kutengenezeka wanapofika 75.