Kamishna na Makoa Wake

Mkulima wa Tetu au Othaya, hapa Nyeri, anamjua koa kwa hasara anayomtia: kunakucha, sukuma wiki imetobolewatobolewa na ute umekauka juu ya jani, unang'aa. Koa huyo ana jamaa zake baharini, tena warembo. Mmoja ni Halgerda wasinensis, mweusi wa kahawia mwenye mistari ya manjano mgongoni, aliyepewa jina la kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya. Aliyempa jina hilo, mwaka 1904, ni Sir Charles Eliot.

Nyeri ina deni na Eliot, na si la shukrani. Alikuwa Kamishna wa Uingereza nchini kuanzia 1900 hadi 1904. Kituo cha Nyeri kilijengwa wakati wake, 1902, mwaka uleule ilipopitishwa sheria iliyoruhusu mashamba kukodishwa kwa miaka 99. Nyanda za juu alizihesabu kuwa nchi ya wazungu. Na bwana huyohuyo alikuwa bingwa wa makoa wa bahari. Spiriti hufuta rangi za koa aliyehifadhiwa chupani, kwa hiyo mtaalamu hulazimika kumpasua na kuchunguza vijino vilivyopangwa safu safu kwenye utepe ulio kinywani. Wenye ardhi ya Nyeri hawakuchunguzwa kwa umakini huo.

Koa wa Wasini hula sifongo. Sifongo nyingi zina sumu, na makoa wengi wa ukoo huu huihamishia sumu hiyo kwenye ngozi zao. Ndiyo maana wanaweza kutembea mchana peupe bila gamba. Rangi kali humwonya samaki: ukinionja, utatema. Pembe mbili kichwani ni za kunusia, maana macho yake hayaoni zaidi ya mwanga na giza. Matamvua ya kupumulia yamechanua mgongoni, yakizunguka tundu la haja. (Maumbile hayakumwomba mtu ushauri.)

Kila koa ni dume na jike kwa pamoja. Wawili wakikutana, kila mmoja humpa mwenzake mbegu, kisha kila mmoja hutaga mayai yaliyoshikana kama utepe. Kiluwiluwi wa makoa hawa huanguliwa akiwa na gamba dogo la konokono, na hulivua anapotulia chini na kuanza maisha ya utu uzima.

Ukishuka pwani likizo ukapanda mashua kwenda Kisite, jirani na Wasini, chungulia penye sifongo chini ya matumbawe. Ukimwona koa huyo, usimguse.